Gari yako ya zamani inazima ikipata joto? Usiuze bado

Juzi kati kuna kijana kanitumia meseji ndefu kweli. Kanunua Honda CRX ya 1990, gari aliyoipenda tangu yuko mdogo, ana mwaka mmoja nayo na sasa amefika mahali anataka kuiuza hata kwa bei ya chuma chakavu. Asubuhi inawaka bila shida, inatembea vizuri tu, ila akiiegesha juani dakika kumi akirudi haiwaki, siku nyingine inamzimikia katikati ya barabara, alafu baada ya nusu saa inawaka kama vile hakuna kilichotokea. Ameshabadilisha pampu ya mafuta, filta, plagi na waya za plagi, na fundi wake sasa anamwambia anunue distribyuta nzima, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Nimeisoma ile meseji mara tatu, na mara ya tatu nilibidi niweke simu pembeni, maana ile ni habari yangu mimi kabisa, tofauti ni kwamba mimi sikuwa na mtu wa kumwandikia.

Kwa hiyo mdogo wangu hii naandika kwa ajili yako, na kwa ajili ya kila mtu mwenye gari ya kispoti ya Kijapani ya miaka ile ambaye kila siku anaambiwa achana nayo.

Yangu ni CRX ya 1989, ile yenye injini ya D16A6, 1.6 ya injekta, gia za mkono. Niliikuta imelala chini ya turubai, matairi yamekaa chini, panya wameshafanya kiota kwenye boksi la filta ya hewa. Nisikuchoshe na habari za kuivuta na kuiosha. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuipeleka kwa fundi mmoja aliyeniambia ndani ya wiki mbili itakuwa barabarani, nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Ilikaa miezi saba. Nilipoifuata nilikuta waya zimekatwa na kuunganishwa kwa kusokotwa tu na selotepu juu, bolti za dashibodi nusu hazipo, na yeye kanitazama usoni akaniambia hizi gari za kizamani hazitengenezeki, tafuta gari ya maana. Miaka imepita na ile kauli bado inanichoma. Sikujibu kitu. Niliivuta nyumbani, jioni hiyo hiyo nikaanza kufungua dashibodi mwenyewe na taa ya kichwani.

Nilianza na waya, kila kiungo cha selotepu nikakikata, nikasafisha, nikachomelea risasi upya na kuvalisha mpira wa kusinyaa kwa moto. Kila ninachofungua napiga picha kwanza, na bolti zake naweka kwenye kimfuko chenye maandishi. Hii watu wanaidharau sana. Mtu anakuambia ntakumbuka, hukumbuki, miezi miwili ikipita unashika bolti mkononi huijui ya wapi.

Bodi sitaki kuisemea sana maana ni kazi ya kusaga na kupaka na kusaga tena. Ila matao ya tairi za nyuma kwenye hizi CRX ndiko kutu inakopenda kukaa, na yangu ilionekana nzima kabisa kwa macho. Nilichukua sumaku nikaipitisha taratibu pembezoni mwa tao, ikashika, ikashika, alafu ikadondoka. Nikaigonga pale kwa kitako cha bisibisi na sauti ikabadilika, ikawa nzito kama unagonga ubao. Puti tupu. Nilipoikwangua ilikuwa nene karibu upana wa kidole, na nyuma yake bati limeshaliwa lote. Sasa mtu ananunua gari anaangalia rangi inavyong'aa, kaka, tembea na sumaku, haidanganywi na rangi.

Injini ndiko nilikojifunza adabu. Nilibadilisha mkanda wa taimingi, na kwenye hizi injini za Honda za familia ya D hicho ni kitu cha lazima kama hujui historia ya gari, maana mkanda ukikatika vali zinakutana na pistoni na hapo unazungumza habari za kufungua hedi. Nilifanya kwa uangalifu wote, nikawasha, ikawaka, ila haina nguvu, inatetemeka ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kukanyagwa mafuta, ukikanyaga mafuta inavuta pumzi kwanza ndio iende. Siku mbili natafuta hewa inayovuja kwenye maniifodi, yale mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini. Kumbe nilikuwa nimesimamisha injini kwenye alama nyekundu ya puli ya kreki, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ile nyekundu ni ya kupimia moto kwa taa ya taimingi, nyuzi 18 kabla ya pistoni kufika juu. Ya kufungia mkanda ni NYEUPE, ile iko peke yake. Nyuzi 18 ni kama jino moja la gia ya kreki, na jino moja linatosha kabisa kuiua nguvu ya injini. Na kingine, injini nyingi ukizitazama kutokea upande wa mkanda zinazunguka kwa mwendo wa saa, hizi za D zinazunguka kinyume. Ukiizungusha kwa mazoea ya injini zingine ulegevu wa mkanda unahamia upande usiotakiwa na utafunga ukiwa umekosea tena. Nilifungua kila kitu upya, nikarudia, nikaizungusha kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kugusa swichi, alama zote zikarudi mahali pake. Ilipowaka mara ya pili nilikaa chini sakafuni mgongo kwenye tairi nikaisikiliza tu.

Nikaendesha wiki tatu za raha. Alafu ikaanza ule ugonjwa.

Inazima ikipata joto. Hasa ikiwa imefungwa vioo na imekaa juani, unarudi, starta inazunguka vizuri tu kwa nguvu, injini haishiki. Na mimi nikafanya kile kile ulichofanya wewe, nikaanza kununua. Pampu ya mafuta. Bado. Filta, na hapo niseme haraka kwamba hii mifumo ya injekta inabaki na presha hata gari ikiwa imezimwa, kwa hiyo toa kwanza waya wa hasi wa betri, fungua kofia ya tenki, weka kitambaa juu ya filta alafu legeza ile bolti ndogo ya kutolea presha taratibu, na usiwe na moto wowote karibu, hili sitanii. Bado. Koili ya ndani ya distribyuta, ile inayozalisha umeme mkali wa plagi. Bado. Kila spea nikifunga gari inakubali siku mbili tatu, nafurahi, natangazia watu, alafu inanizimikia mbele za watu wale wale. Kuna jioni nilisukuma ile gari peke yangu huku jirani amesimama anaangalia, na maneno ya yule fundi yalinirudia yote kichwani.

Kilichonikomboa ni kitu kimoja tu. Siku moja ilizima, na badala ya kukaa nje kusubiri ipoe nikabaki ndani ya gari nikaanza kupima pale pale, ikiwa bado inaumwa.

Kabla ya hapo nilikuwa napima ikiwa imeshapoa. Ikipoa ni nzima! Pampu inafanya kazi, moto upo kwenye plagi, kila kitu kipo, unapima gari nzima unapata majibu ya gari nzima alafu unaenda kununua spea kwa kubahatisha. Ugonjwa wa kuja na kuondoka unakupa dakika ishirini au thelathini tu za kuushika, na hizo ndizo dakika watu tunazitumia kulalamika.

Sasa nilichofanya ni hiki. Kwenye hizi Honda ukizungusha swichi mpaka ON bila kupiga starta, taa ya cheki injini inawaka kama sekunde mbili inazima, na katika hizo sekunde mbili unatakiwa usikie mlio mdogo chini ya dashibodi, tak, na pampu huko nyuma inanguruma mmmmm alafu inanyamaza. Kompyuta inaipa pampu hizo sekunde mbili kujaza presha, na baada ya hapo haiipi tena mpaka ione injini inazunguka. Siku ile nilizungusha swichi, taa ikawaka, ikazima, nyuma kimya. Nikarudia, kimya. Nikaenda kwenye plagi ya pampu na taa ya kupimia, nikamwomba mtu azungushe swichi, taa haikuwaka kabisa. Nikaangalia fyuzi, umeme upo. Maana yake pampu yangu ya kwanza, ile niliyoitoa na kuitupa, ilikuwa nzima. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Njiani hapo kuna kitu kinaitwa rilei kuu, kiboksi kidogo chini ya dashibodi, ndani yake kuna rilei mbili, yaani swichi zinazowashwa na umeme, moja inaipa umeme kompyuta na injekta, ya pili inaipa pampu. Nilizungusha swichi upya, na ndani ya zile sekunde mbili nikaipiga kwa ncha ya kidole. Pampu ikanguruma. Niliinua mikono juu kama nimefunga goli.

Niliichomoa, nikaifungua kwa bisibisi nyembamba taratibu kwenye vile vikucha vya pembeni, nikaigeuza nikaangalia upande wa risasi chini ya taa kali. Kwa haraka huoni kitu. Ukiigeuza geuza mwanga uilalie pembeni ndio unaona, kwenye ile miguu minene kuna duara jembamba jeusi limeuzunguka mguu kama unywele mmoja uliozungushwa. Huo ni ufa. Risasi imechoka kwa miaka yote hiyo ya kupata joto na kupoa, ikiwa baridi mguu unagusa, ikipata joto vinaachana kidogo sana, umeme unakatika. Nikanyonya risasi ya zamani, nikasafisha kwa spiriti, nikapaka flaksi, nikachoma mpya miguu yote hata ile isiyo na ufa. Haikuchukua saa nzima. Spea niliyonunua kwa hiyo kazi: hakuna. Na mpaka leo haijanizimikia tena kwa ugonjwa ule, na ile sehemu niliyosukuma nimepita nayo mara nyingi sana.

Kwa hiyo nawaambia nyinyi mnaonifuata, pimeni kabla ya kununua. Pimeni kabla ya kununua! Injini ya petroli inataka mafuta, moto na hewa kwa wakati wake, ikizima kimojawapo kimekosekana, kitafute kipi kimekosekana PALE PALE. Multimita ya kawaida kabisa inatosha. Betri iliyopumzika isome kama 12.6, injini ikiwaka 13.5 mpaka 14.5. Erthi msizipime kwa macho, weka waya mmoja wa multimita kwenye hasi ya betri na mwingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta, ikizidi nusu volti erthi yako ni mbovu, na kwenye hizi gari angalia na ile erthi ya kompyuta iliyofungwa pale kwenye nyumba ya thermostati, watu wakibadilisha thermostati wanaisahau ikining'inia. Na kama una kompyuta ya aina hii ina taa ndogo nyekundu inayohesabu makosa kwa kuwaka na kuzima, kwangu iko chini ya kapeti miguuni kwa abiria, kasome, ila ujue kwa ugonjwa huu wa rilei mimi sikukuta kosa lolote limehifadhiwa. Kutokuwa na kosa kwenye kompyuta sio ushahidi kwamba gari ni nzima.

Na mafundi mnaosoma hapa, wapo wazuri na nawaheshimu sana, lakini acheni kumwambia mtu gari yake haitengenezeki kwa sababu wewe hujui kuitengeneza. Sema sijui. Mtu anakuletea kitu alichokiota tangu utotoni unamkatia waya unamrudishia na maneno juu, hiyo sio haki kabisa. Hizi gari zilichorwa na watu waliohesabu kila gramu, kila waya una kazi na una mchoro wake, tafuta mchoro wa waya wa mwaka wa gari yako ukae nao mezani na peni, fuata mstari kutoka betri mpaka pampu, hakuna uchawi humo.

Yule kijana nimemjibu asinunue distribyuta kwanza. Inaweza kuwa yenyewe kweli, maana koili na ignaita (kile kinachoikatia koili umeme ili itoe moto) za ndani yake nazo hufa kwa joto, na dalili zinafanana, ndio maana asikie pampu kwanza. Nimemwambia kesho saa saba mchana aiegeshe juani, vioo vimefungwa, aiache mpaka igome. Ikigoma asishuke. Azungushe swichi mpaka ON, asipige starta, anyamaze ahesabu sekunde mbili. Pampu ikinguruma aende kupima moto wa plagi. Ikiwa kimya apeleke mkono chini ya dashibodi, azungushe swichi upya na ndani ya zile sekunde mbili aipige ile boksi ya rilei kwa kidole, alafu anipigie hapo hapo kabla haijapoa, saa yoyote ntapokea.