Kwa Mwalimu Uliyekabidhiwa Nyumba kwa Mara ya Kwanza

Mwalimu mwenzangu, siku ya kwanza wanafunzi wa nyumba yako, yaani lile kundi la wanafunzi wa madarasa mbalimbali unalolilea na linaloshindana na makundi mengine ya shule, watakuuliza kuhusu pointi. Tuko wa ngapi? Mwaka huu kombe tunalichukua? Wajibu vizuri, lakini usianzie hapo.

Mimi nilianzia hapo. Mwaka wangu wa kwanza tulishinda karibu kila shindano, isipokuwa mbio za kupokezana vijiti, ambako mtoto mmoja wa darasa la chini aliangusha kijiti. Wenzake hawakumtukana, walimnyamazia tu. Alikula peke yake wiki nzima, nami sikuona mpaka mpishi aliponiambia. Kombe tulikuwa nalo kabatini. Nyumba hatukuwa nayo.

Utaratibu huu wa nyumba ulianzia shule za bweni za Uingereza, ambako wanafunzi wa nyumba moja walilala na kuishi pamoja chini ya uangalizi wa mwalimu wao. Shule ya kutwa haina paa hilo, kwa hiyo inabidi ulijenge kwa ratiba. Pigania muda wa kudumu kila wiki, hata nusu saa, usioliwa na mazoezi ya michezo. Kisha wagawe watoto katika vikundi vya wanane wanane, wakubwa kwa wadogo. Hapo kwenye kuchanganya umri ndipo penye uhai wa jambo lote. Darasani mtoto hukaa na rika lake tu. Kwenye nyumba mdogo anapata mtu wa kumuuliza maswali anayoona haya kumuuliza mwalimu, na mkubwa anazoea kumngoja anayetembea polepole. Usiwaache wajichagulie vikundi, maana marafiki watakwenda pamoja na wapweke watabaki wamesimama ukutani. Na ukishawapanga, usiwahamishe kila mwaka.

Kiranja mtafute miongoni mwa wanaobaki nyuma kupanga viti bila kuagizwa. Kwetu kiranja huwapakulia wenzake chakula, naye hula wa mwisho. Paulo aliwaandikia Warumi, "kwa heshima mkiwatanguliza wenzenu," na watoto huuelewa mstari huo haraka zaidi wakiuona mezani kuliko wakiusikia ibadani. Akitokea anayekataa cheo kwa sababu ya kazi hiyo, usimbembeleze.

Pointi zibaki, watoto wanapenda kushindana na si dhambi. Hakikisha tu zinapatikana pia kwenye kwaya, usafi na kuhifadhi maandiko, ili asiyejua kukimbia naye awe na cha kuleta. Ila kwa wema niliacha kabisa kutoa pointi. Mtoto alikuwa akimwokotea mwenzake daftari huku ananitazama kama nimeona. Yesu alisema mkono wa kushoto usijue ufanyalo mkono wa kuume, nasi tulikuwa tunauandikia alama ubaoni.

Kuhusu maombi, usimlazimishe mtoto kuomba kwa sauti mbele ya wenzake. Si wote waliokuja na imani, na wengine wanayo ila ni waoga. Muulize kila mmoja kwenye kikundi chake, "Tukuombee nini?" Anayetaka kunyamaza anyamaze. Yale waliyoridhia kuyasema yaandike kwenye daftari lako, na wiki inayofuata lifungue kabla hujatangaza matokeo ya mpira: yule aliyesema bibi yake anaumwa, muulize bibi anaendeleaje.