Mume anataka mtoto wa mbwa, mimi nataka Simba wa jirani

"Shangazi, jirani yetu hapa Rongai, mzee aliyekuwa anaishi peke yake, alifariki mwezi uliopita akaacha mbwa anaitwa Simba, ana miaka 9. Watoto wake wako Marekani na wanasema apigwe sindano alale tu. Mimi nataka kumchukua, lakini mume wangu anasema tununue mtoto wa mbwa, ati samaki mkunje angali mbichi, na huyu atakufa kesho kutwa awaache watoto wakilia. Nifanye nini? – Mama Wawili"

Pole sana Mama Wawili kwa kumpoteza jirani, na asante kwa kumfikiria huyo mbwa manake wengi wangefunga geti wakanyamaza. Mchukue. Namhurumia sana, ndio, lakini hata ningekuwa simhurumii bado ningekwambia umchukue, kwa sababu nyumba ya watu wanaotoka asubuhi kurudi jioni inafaa mbwa wa miaka 9 kuliko kitoto cha wiki 8.

Hebu fikiria hicho kitoto. Usiku kinalia mpaka kuche, kinakojoa kila pembe, kikifika miezi 4 au 5 meno yanabadilika na hapo viatu vya shule na waya za tivi zinatafunwa zote, halafu chanjo ni za kurudia kila baada ya wiki chache na parvo, ule ugonjwa wa kuharisha na kutapika wa mbwa wadogo, ikiingia kabla hazijakamilika inaweza kukimaliza kwa siku mbili tatu. Na wa kukifunza ni nani, wote mko kazini? Kitaishia kufungwa mnyororo. Nimeiona hiyo mara nyingi na inaniuma kila mara.

Simba mnamjua. Mnajua ukubwa wake, anabwekea nani, anawatazamaje watoto wenu wakipita. Mwambie baba watoto hiyo methali iko sawa kabisa ila huyu samaki, jirani yenu mzee alishamkunja. Na si kweli mbwa mzee hafundishiki, yeye anatulia akakusikiliza.

Mimi wangu nilimchukua pale KSPCA, wale wa kutetea wanyama, Lang'ata Road, akiwa na mvi mdomoni. Siku tatu alilala akiangalia mlango. Ya nne nilikuwa naosha vyombo akaja polepole akaweka kidevu juu ya kiatu changu akashusha pumzi ndefu, nikasimama hapo maji yakimwagika nikiogopa kusogea.

Kuhusu kifo sikufichi, kama ni mbwa mkubwa miaka 9 ni uzee, pengine mtakaa naye miaka miwili mitatu. Watoto watalia. Lakini mama, akipigwa sindano wiki hii watalia pia, na watajua alikuwa mzima na nafasi ilikuwepo.

Usimburute mume. Mwombe jioni mbili tu aende yeye kumpelekea Simba chakula, peke yake, bila wewe. Na wale watoto wa mzee waandikie WhatsApp wakujibu kwamba wamekupa mbwa, isije kuleta maneno baadaye.

Kabla hajaingia kwenu mpeleke kwa daktari wa wanyama aangalie meno, moyo na viungo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama mwaka umepita. Weka pesa kidogo pembeni manake mbwa mzee huenda kliniki zaidi. Akichechemea usimpe brufen yenu hata nusu, inaharibu tumbo na figo zake, na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe. Baridi ya Julai asilale kwa simiti, tafuta kigodoro.

Halafu uliza kama sweta ya mzee bado iko, usiifue, mtandikie pale atakapolala. Na kama mzee alikuwa anamwongelesha Kikuyu basi na nyinyi mumwambie "ikara thĩ", msianze na "sit", atashangaa mnamwambia nini.