Kutoa maksi za ubunifu kwenye somo la sanaa, mimi nafanya hivi

Mleta mada umeuliza darasa zima likikuletea nyumba, mnazi na jua lenye miale, unampa nani 18 na nani 10 bila kuambiwa una upendeleo. Mkuu, mimi nafundisha sanaa sekondari hapa Dar, ukisubiri mchoro wa mwisho ndo uanze kusahihisha umeshachelewa, maana mchoro msafi haukuonyeshi kama dogo kafikiri au kakopi kwa jirani.

Kwangu kazi inaanza na A4 moja, inakunjwa mara tatu unapata vyumba 8, kila chumba wazo moja la chapchap kwa penseli, tuseme soko la Kariakoo, na ufutio marufuku. Vyumba vitatu vya kwanza karibu wote ni meza ya nyanya na mama kavaa kanga, ila kuanzia cha tano wanaanza kukuna vichwa na hapo ndo vitu vinatoka, kuna binti alichora soko zima kwa miguu tu, ndala, raba, tairi la mkokoteni, basi. Hiyo karatasi haitupwi, inapigwa pini nyuma ya mchoro mkubwa. Kwenye 20 zangu, 8 ni za mawazo, zinatoka kwenye hiyo karatasi, 6 ni ufundi wa mstari na rangi, 6 ni maongezi, namwita namuuliza kwanini umeacha hiki ukachukua kile, na aliyekopi anakwama palepale. Darasa likiwa kubwa waandike sentensi tatu nyuma ya karatasi, na kwa Kiswahili jamani, hatupimi Kiingereza hapa.

Sasa wadau waliosema hapo juu kukopi ni sifuri, hapana aisee. Edward Saidi Tingatinga, yule mchoraji aliyeanzisha mtindo wa Tingatinga, alifariki 1972, vijana aliowafundisha walijifunza mtindo wake kwa kuangalia na kurudia, na mpaka leo ukienda kwa wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, Dar, utakuta chui wanafanana kweli, ila ukitulia unaona huyu kabadili mgongo, yule kajaza ndege nyuma. Kwahiyo swali langu ni umechukua nini kwa mwenzio na umeongeza nini. Chui aliyekopiwa vizuri anaweza kubeba 6 zote za ufundi, kwenye mawazo akapata 1.

Na hiyo ya upendeleo, kuna mama mmoja msomi wa Marekani, Teresa Amabile, mwaka 1982 aliandika kuhusu njia rahisi tu, kazi wapewe watu wanaoijua sanaa yenyewe, kila mmoja apime kivyake bila kuongea na mwenzie, halafu ndo mlinganishe. Mimi namtumia mwalimu mwenzangu na fundi mmoja wa mabango hapa mtaani, majina tunayafunika. Tukipishana maksi nyingi tunakaa chini na ile karatasi ya vyumba 8, na mara nyingi fundi ndo anakuwa mkali kuliko sisi walimu.

Mwenye darasa la mia na zaidi aseme anafanyaje, hapo mimi sijafika.