Malindi, Sabaki, Gede hadi Mida kwa baiskeli: Ami anajibu maswali yenu

SWALI: Ami shikamoo. Tuko watatu hapa Kilifi, tunataka tuje Malindi Ijumaa tulale, alafu Jumamosi tupige pedeli kutwa nzima. Mpango ni Mambrui, daraja la Sabaki, Marafa, turudi Gede, tuingie msitu wa Arabuko-Sokoke, tumalizie Mida kwenye mikoko, jioni tuko Malindi. Baiskeli ni maunteni baiki za mtumba lakini ziko fiti. Siku moja itatosha?

JIBU: Marahaba wanangu. Itatosha kama mnachotaka kuona ni lami. Marafa itoeni kabisa, ile ni safari yake peke yake, iko ndani huko na jua la kule halina mchezo, na yale mabonde yake utamu wake ni jua linapozama, saa ambayo nyinyi mtakuwa mnahangaika kurudi. Mambrui inaniuma kuikata sababu lile kaburi la mnara lililopachikwa bakuli za kichina napenda sana, lakini ukitoka darajani kwenda na kurudi unaongeza zaidi ya kilomita 10 na bado hujaanza upande wa kusini. Hata bila hizo mbili mtakuwa na kama 60 hivi, na msitu unakula muda kuliko kilomita.

Sasa anzeni na mto. Mkishaswali alfajiri tokeni mkiwa na taa, Sabaki ni kama kilomita 8 kaskazini mwa mji, na saa hiyo malori bado machache. Simameni darajani muangalie yale maji, ndio Athi hiyo hiyo ya kule Nairobi, ikishuka inaitwa Galana, ikifika hapa ni Sabaki, na ule udongo wote iliozoa njiani inakuja kuumwaga hapa, ndio mana mvua za bara zikinyesha bahari ya Malindi inakuwa rangi ya chai ya maziwa na watalii wananuna. Mkitaka kushuka mpaka mdomo wa mto kuona flamingo na ndege wengine chukueni mtu wa pale kijijini awapeleke, msishuke wenyewe, kuna viboko, na kiboko asubuhi anarudi majini, ukimziba njia hakuulizi umetoka wapi.

Mkirudi mjini kuleni mahamri na mbaazi mshibe, nguzo ya Vasco da Gama mkiwa na haraka itazameni kwa mbali, ipo siku zote. Alafu kusini moja kwa moja, Gede ni kama kilomita 16, barabara tambarare lakini ni ya matatu zinazokimbia so mtu nyuma ya mtu, msiende sambamba mkipiga stori. Msiingie kwanza kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede. Piteni mbele kidogo mpaka kituo cha msitu, manake ndege na wanyama wanaonekana kabla jua halijakaa utosini. Arabuko-Sokoke una kama kilomita za mraba 420, ndio kipande kikubwa kilichobaki cha msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki nzima, na mkiwa na mwongozaji anayejua anaweza akawaonyesha bundi wa Sokoke, kibundi kidogo kinalala mchana kwenye vichaka hutakiona peke yako hata ukikanyaga mti wake. Ndani kuna ndovu pia, so muulize getini njia gani inaruhusiwa na baiskeli siku hiyo. Upande wa miti ya mrihi mchanga ni mweupe na laini, mtashuka msukume, msione aibu.

Baada ya hapo Gede au Mida, hiyo inaamuliwa na maji sio mimi. Mida ukiikuta maji yamekupwa kabisa ndege wako mbali kule matopeni, yakiwa yanajaa yanawasukuma mpaka karibu na lile daraja la mbao la kuning'inia, so angalieni ratiba ya kujaa na kupwa usiku wa kuamkia safari. Pesa ya kiingilio pale inasaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka msitu, lipeni bila kunung'unika.

Na upepo jamani. Kipindi cha kusi mnapigwa kifua mkienda na mnasukumwa mkirudi, safi. Kaskazi ikivuma ni kinyume, yaani mnarudi Malindi mmechoka na upepo usoni, hapo mimi nashauri mlale Watamu tu, mji wa ufukweni jirani na Mida.

SWALI: Gede nilienda na shule zamani, nikaona kuta na kima. Kwani kuna kipya gani nilipe tena?

JIBU: Kipya ni kuwa tangu 2024 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, lakini hilo sio la kukutoa nyumbani. Nenda kaangalie visima. Kile cha karibu na msikiti mkubwa kiliongezwa kina, watu walikuwa wanafukuza maji yanayoshuka chini, na hiyo ni moja ya sababu zinazotajwa za mji kuhamwa karne ya 17. Alafu lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399, na nyumba zilizokuwa na vyoo ndani. Wareno walikaa Malindi hapo jirani miaka na miaka na maandishi yao hayautaji mji huu, mimi hilo silipatii jibu la kuniridhisha. Mchana wa jua kali magofuni kuna kivuli kizuri, ndio mana nawaambia watu wauwekee saa sita. Ndizi zifiche, kima wale hawajabadilika. Na simu iwe na chaji, malipo ni kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali.

SWALI: Ami, mimi navaa buibui na nina mtoto wa miaka 11, tunaweza hii safari?

JIBU: Mwanangu, yote hapana, ile barabara kuu na mtoto siwezi kukushauri. Anzieni Watamu, mwende Gede pole pole, mle, mrudi. Tafuta baiskeli ya kike yenye kifuniko cha cheni, ndani vaa suruali, buibui ikunje uifunge kiunoni, na tairi ziwe pana. Bebeni tyubu ya akiba na pampu sababu miiba ya huko haichagui, na kama huwezi kuziba pancha usijali, mafundi wa baiskeli za kubeba maji wako pale Gede stejini.