Maswali ya Wasomaji: Marangu na Mtoto Mgongoni

SWALI: Mwezi wa Julai mimi na mume wangu tunakusudia kupanda kwa miguu kutoka lango la Marangu la Mlima Kilimanjaro hadi kituo cha Mandara na kurudi siku hiyo hiyo, tukiwa na mwanetu wa miaka 5 na mdogo wake wa miezi 8, ambaye nitambeba kwa mbeleko. Mama mkwe anapinga, akisema baridi ya mlimani si ya mtoto mdogo. Je, ni hofu ya wazee tu?
Mama wa Wawili, Moshi

JIBU: Mama mkwe wako ana hoja, ingawa si ya kukufanya uvunje safari. Hewa hupoa kwa takribani nyuzijoto 6 katika kila mita 1,000 za kupanda. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 na Mandara iko karibu mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo asubuhi ya nyuzijoto 20 nyumbani kwako inaweza kuwa ya nyuzijoto 10 huko juu, tena Julai ni mwezi wa baridi. Wewe unayepanda utatoka jasho na kutamani kuvua sweta, ilhali mtoto aliye mgongoni ametulia, mwili wake haupati joto la mwendo, na miguu yake inaning'inia nje ya kitambaa. Mvike soksi nzito, suruali inayopita nyayo na kofia inayofunika masikio, na kila mnapopumzika mpapase kifuani na nyuma ya shingo, kwa kuwa viganja vya mtoto huweza kuwa baridi hata kama mwili wake una joto la kutosha. Mbeleko ikilowa ukungu au jasho la mgongo wako itampoza badala ya kumhifadhi, kwa hiyo chukua nyingine kavu katika mfuko usiopitisha maji.

Maradhi yanayoletwa na mwinuko si ya kawaida chini ya mita 2,500, lakini Mandara imevuka kiwango hicho kidogo, na mtoto wa miezi 8 hawezi kusema kwamba kichwa kinamuuma. Akikataa ziwa, akitapika au akilia bila kubembelezeka, teremkeni mara moja. Msimpe dawa na kungoja mwone.

Hata hivyo, anayenitia wasiwasi zaidi ni huyo wa miaka 5, ambaye barua yako imemtaja kana kwamba ni mtu mzima mfupi. Kutoka langoni hadi Mandara ni kilomita zipatazo 8 na mwinuko wa zaidi ya mita 800, safari ambayo mtu mzima huimaliza kwa saa tatu hadi nne akipanda tu, na atakapochoka njiani mtakuwa na watoto wawili wa kubeba. Ushauri wangu ni kwamba mwisho wa safari uwe Kisambioni, penye eneo la kupumzikia takribani katikati ya njia. Mwacheni yeye atangulie na kuamua mwendo, asimame kutazama kima na mbega kadiri apendavyo, na apewe ndizi au karanga kabla hajalalamika njaa. Mtakapoketi, kagueni ardhi kwanza, hasa baada ya mvua, kwa sababu siafu hupita msituni humo kwa misafara na mtoto anayetambaa hajui kuwakimbia. Mwongozeni anayewaongoza pia: mwambieni tangu langoni kwamba hamna haraka, maana wengi wao wamezoea mwendo wa wageni wanaowahi kituo.

SWALI: Nina mtoto wa miezi 4 na hupenda kutembea naye katika msitu wa Karura. Siku za jua kali nimpe maji?
Baba Mpya, Nairobi

JIBU: Hapana. Hadi atimize miezi 6 maziwa ya mama yanamtosha, hata wakati wa joto. Anachohitaji ni kunyonya mara nyingi zaidi, kwa hiyo mtoke pamoja na mama yake au mbebe maziwa aliyoyakamua, yakiwa yamehifadhiwa kwenye baridi. Kwa umri huo mkingeni kwa kivuli, kofia pana na nguo nyepesi za mikono mirefu badala ya kumpaka mafuta ya kuzuia jua, na matembezi yawe kabla ya saa nne asubuhi.