"Mama ne jamin malya": hapo hakuna kiwanja, ni dhamana

Mleta uzi, usitume hizo pongezi kwanza. Kwa wanaoingia sasa hivi: jamaa anafanya kazi kwenye duka la Mgujarati, bosi akabonyeza vibaya na kutupa kwenye grupu la wafanyakazi ujumbe wa "Mama ne jamin malya", programu ya kutafsiri ikamwambia mama amepata ardhi. Sasa anauliza kama ampongeze bosi kwa mamake kununua kiwanja.

Nilikuwa karani kwa wakili mmoja hapa Mombasa, na nusu ya wateja wake walikuwa Wagujarati, kwa hiyo kosa hili nimelila mwenyewe. Hakuna mama hapo na hakuna kiwanja. Mama kwa Kigujarati ni mjomba, kaka wa mama. (Mama mzazi ni ba. Kaka ni ami. Dada ni babu mzaa baba. Mwaka wangu wa kwanza pale ofisini nilidhani familia zote zina wazimu.) Hiyo ne ni ya kuonyesha mpokeaji, na malya ni "imepatikana". Ujumbe wote ni: mjomba amepata dhamana.

Kinachowapoteza watu ni kwamba kuna jamin mbili. Moja ni ardhi, nyingine ni dhamana ya mahakamani. Kwa maandishi yao wenyewe hazichanganyiki, kwa sababu ile ya dhamana ina kijiti kilichosimama baada ya herufi ya kwanza, wao hukiita kano, kinachovuta ile "a": jaamin. Ya ardhi haina. Lakini kwenye simu watu wanaandika kwa herufi zetu hizi, kijiti kinapotea, zote zinakuwa jamin.

Basi usiangalie neno jamin lenyewe, angalia kitenzi. Kwa sarufi yao maneno yana jinsia: ardhi ni ya kike, husemwa jamin mali. Dhamana huchukuliwa kama wingi, husemwa jamin malya. Hiyo ndiyo kamba ya kushika. Bosi wako kaandika malya, kwa hiyo kiwanja hakimo.

Mimi sikuwa na wa kuniambia. Siku moja yuko mama mtu mzima ofisini, mwanawe yuko ndani, wakili anazungumza na simu. Akanigeukia akauliza, "Jamin kon?" Nikajibu kwa kujiamini, "Nyali." Maana nilijua hatimiliki waliyoileta ilikuwa ya kiwanja cha Nyali. Yule mama akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akaonyeshwa mbingu. Kon ni "nani". Alikuwa anauliza ni nani atakayesimama mdhamini. Wakili aliposhusha simu alicheka mpaka akavua miwani. Kumbe neno lao jamin ni dhamana yenyewe na pia ni mtu anayemdhamini mwenzake, ingawa ukitaka kumtaja mtu bila utata unaweza kusema jamindar. Na hapa kwetu mdhamini huja na hatimiliki, kwa hiyo siku ile jamin ilikuwa inatolewa kwa jamin. Nilikosea, lakini si kwa mbali sana.

Na sisi si wageni wa neno hili. Jamin yao ya dhamana na dhamana yetu ni watoto wa mama mmoja, Kiarabu. Ile dhadi, herufi ya Kiarabu inayoanza neno hilo, ilipita kwanza Uajemi ikawa z, ilipofika Gujarat, India, wakaigeuza j. Pwani yetu sisi tukabaki na dh. Ukishaijua njia hiyo utaona ndugu wengine: kadhi wao ni kaji, karadha yetu kwao ni karaj, yaani deni, na kukabidhi kuna ndugu yake kabjo, yaani kushikilia mali. Wakili ni vakil, haki ni hak, wala hazihitaji mkalimani. Ila usidhani zinalingana kila mahali. Sisi tunasema fulani kapewa dhamana ya kuongoza wizara. Huko Mgujarati hatumii jamin, atasema javabdari, yaani wajibu wa kutoa majawabu. Na kitu unachoweka rehani kwao ni giro.

Ukikutana na agotara jamin, hiyo ni dhamana ya kuombwa kabla mtu hajakamatwa. Kenya Mahakama Kuu huitoa pia. India ilibadilisha sheria ya mwenendo wa jinai Julai 1, 2024, ile ya 1973 ikaondoka, kwa hiyo dhamana hiyo iliyokuwa kifungu cha 438 sasa ni cha 482. Neno lenyewe halikuguswa. Jamin manjur ni imekubaliwa, jamin namanjur imekataliwa.

Jambo la mwisho ambalo wengi hulikosea hata kwa Kiswahili: jamin si kuachiwa huru. Mtu aliyeonekana hana hatia wao husema nirdosh chhutyo. Mwenye jamin yuko nje, lakini kesi iko palepale, na asipotokea mahakamani mdhamini ndiye anayebanwa. Kwa hiyo hata "hongera kwa mjomba" ingekaa vibaya.

Ningekuwa wewe ningenyamaza, maana ujumbe ule haukuwa wa grupu lenu. Kama mmezoeana na kimya kinakuwasha, subiri muwe wawili tu halafu umuulize "Mama kem chhe?", mjomba hajambo? Akitaka kukueleza ya kesi, atakueleza mwenyewe.