Sensa za wayalesi kiwandani: usianze na umbali

Mkuu umeuliza kama sensa zote hapo kwenu, joto la pampu, ujazo wa matenki mpaka vali, zinaweza kuhamia wayalesi muachane na nyaya. Nimefunga hivi vitu miaka kadhaa, jibu langu ni nyingi ndio, zote hapana. Wengi waliokujibu hapo juu wamekimbilia kuongelea umbali wa mawasiliano, mi naanza na swali moja tu, taarifa ikichelewa sekunde kadhaa kinatokea nini? Tenki linalojaa kwa masaa, hakuna kitu. Vali inayoshikilia presha hapo ni balaa, huo waya wa 4-20 mA (unaobeba kipimo kama mkondo wa umeme) uache ukae, na mfumo wa kuzima dharura usiuguse kabisa.

Ukishachuja, angalia WirelessHART ambayo ndo kiwango cha kimataifa IEC 62591, au ISA100.11a, zote ni mitandao ya wayalesi ya sensa za viwandani. Zote zinatumia redio za IEEE 802.15.4 (kiwango cha redio zinazokula umeme kidogo) kwenye 2.4 GHz, masafa yale yale ya Wi-Fi na watu ndo wanapoogopea hapo, lkn WirelessHART inakata muda vipande vya milisekunde 10 kila kifaa na zamu yake, halafu inarukaruka kwenye chaneli 15, ujumbe usipofika unarudiwa chaneli nyingine na hata kwa kupitia kifaa jirani kingine. Kwa nilivyoona, Wi-Fi ya ofisini haijawahi kuwa kero kubwa. Kero ni chuma na maji. Kuna mahali mawasiliano yalikuwa safi tenki la plastiki likiwa tupu, likijaa yanakatika, mafundi wanabadilisha antena kila wiki kumbe maji ndo yamesimama katikati!

Kwahiyo hakikisha kila kifaa kinaona majirani watatu hivi, na kama robo ya vifaa vyote vinafika moja kwa moja kwenye geitiwei, yaani kile kifaa kinachokusanya taarifa za sensa zote na kuzipeleka kwenye mfumo wa kiwanda. Pakiwa na pengo ongeza kifaa hapo katikati, maana kwenye WirelessHART kila kimoja kinapitisha ujumbe wa wenzake. Antena isibanwe na bomba wala nguzo ya chuma.

Sasa betri, hapa ndo mabosi wanadanganyika. Ile miaka kumi ya kwenye karatasi inategemea umeweka isome kila baada ya muda gani, kifaa cha kusoma kila sekunde na cha kusoma kila dakika havifanani hata kidogo. Na vile vilivyo karibu na geitiwei vinabeba mizigo ya wengine, vinachoka mapema, kwahiyo ratiba ya kubadilisha betri isiwe moja kwa kiwanda kizima. Pia usimwamini fundi anayepima hizi betri za lithiamu kwa mita akasema bado nzima, zile za volti 3.6 hazishuki taratibu, zinakaa pale pale karibu mpaka mwisho halafu zinadondoka ghafla.

LoRaWAN aliyoitaja jamaa hapo juu, mtandao wa wayalesi wa masafa marefu, ni nzuri kwa mita zilizotawanyika mbali, ila kifaa chake cha daraja A (Class A, kinacholala muda mwingi kuokoa betri) kinasikiliza baada tu ya kutuma chenyewe, sasa ukitaka kukipa amri ya kufunga vali utasubiri mpaka kiamke.

Kuhusu usalama, usimbaji wa AES wa biti 128 (kuficha ujumbe usisomwe na wengine) upo tayari, cha muhimu ule ufunguo wa kujiunga mtandaoni msiache uliokuja nao toka kwa mtengenezaji. Weka hapa orodha ya pointi zako za kupima na kila moja inatakiwa isomwe kila baada ya muda gani, nikuambie zipi ningeziacha kwenye waya.